Heri ya Pasaka, na lile swali la Muumba

Heri ya Pasaka wapendwa wangu wote, na nyie ambao huwa mnasoma tu bila kujibu kitu nawasalimu pia kwa upendo. Najua wengine sikukuu imewakuta msibani au kitandani, basi salamu hizi zianzie kwenu.

Kipindi chote cha Kwaresima nimekuwa nawaza hili swali ambalo watu hawaachi kulibishania, je huu ulimwengu tunaouona na haya tuliyopitia yanatosha kuonyesha kwamba yupo aliyetuumba? Pasaka yenyewe inakufanya uangalie juu, maana tarehe yake inafuata mwezi, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21, ndo maana kwa wengi wetu inaweza kuwahi Machi 22 au ikasogea mpaka Aprili 25. Na mtu akikaa chini anaweza kukupigia hesabu ya Pasaka ya miaka mia ijayo, kwa sababu mbingu zina utaratibu. Mimi huo utaratibu peke yake unanisimamisha, kwa nini uwepo?

Halafu kuna hili la kwangu mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alitoka kimya, ana rangi ya bluu bluu, nesi akawa anamsugua mgongo kwa taulo mpaka kikatoka kilio, na hapohapo nikaona rangi inarudi kifuani, midomoni, vidole ndo vikawa vya mwisho. Baadaye nikaja kusoma kwamba mtoto akiwa tumboni mapafu yamejaa maji, oksijeni anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma, na kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo wake kuna katundu kanakopitisha damu bila kuzungukia kwenye mapafu. Akivuta pumzi ya kwanza presha inabadilika na kautando kanafunika kale katundu, yaani dakika ileile anapokahitaji kafungwe! Nilisoma nikalia jamani.

Najua kuna atakayeniambia hayo Darwin alishayaeleza tangu 1859, viumbe vinabadilika kidogo kidogo na kinachofaa ndo kinabaki. Sigombani naye, maelezo yale yana nguvu na kujua jinsi kitu kinavyofanya kazi hakujanipunguzia mshangao hata kidogo. Kinachonibana ni kingine. Kuna watoto ambao moyo haukukaa sawa, na kuna wazazi walisubiri kilio hawakukisikia. Siwezi kuchukua kilio cha mwanangu nikakifanya ushahidi halafu kimya cha mtoto wa mwenzangu nikakiruka, hiyo haitakuwa haki.

Kwa hiyo mimi nimefika hapa. Maumbile yananionyesha uwezo na akili kubwa mno, ila hayaniambii kama mwenye huo uwezo ananipenda. Hata Paulo kwenye Warumi 1:20 anaposema mambo ya Mungu yanaonekana kwa kazi zake, anataja "uweza wake wa milele na Uungu wake", pale upendo hajautaja. Akifika sura ya 5 anauweka kwenye kifo cha Kristo, kwamba alikufa tungali wenye dhambi. Ndo maana kwangu Ijumaa Kuu ina uzito kuliko nyota zote, kwamba yule yule Muumba alikubali kufika mahali ambapo mtu analia Mungu wangu mbona umeniacha, na Jumapili kaburi likawa tupu. Hilo siwezi kukuthibitishia kwa darubini, nakushuhudia tu kama mtu aliyeliegemea siku mbaya likambeba.

Basi mle vizuri, mpumzike, mpigieni simu yule mliyenuniana naye. Aliyepoteza mtoto mwaka huu namkumbuka kwa maombi. Na wewe usiyeamini kabisa, heri hii ni yako pia, ukitaka tuongee niandikie, nitakusikiliza kwanza kabla sijasema chochote.