Tuwarekodi wazee wa Magomeni wangali nasi

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba ikikaribia, redio na magazeti yetu hukimbilia Butiama. Si vibaya. Kaburi la Mwalimu Julius Nyerere liko kule, na makumbusho yaliyofunguliwa kule mwaka 1999 yana mengi ya kuona. Ila sisi wa Magomeni nasi tunayo nyumba, Mtaa wa Ifunda, aliyoishi Mwalimu Nyerere na familia yake katika miaka ile ya kudai uhuru, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Leo ni makumbusho. Nilipompeleka mjukuu wangu, aliangaza macho huku na huku, kisha akaniuliza: "Babu, ndiyo hii tu?"

Ndiyo hii tu, nikamjibu, na nilifurahi kwamba ameuliza. Mwalimu hakuwa na mshahara tena, Mama Maria akiuza mafuta ya taa dukani ili watoto wale.

Kinachonikosesha usingizi ni majirani. Nyumba ile haikusimama peke yake porini. Ilikuwa na watu waliochota maji pamoja, waliokopeshana chumvi, waliojua nani kaingia na nani katoka. Jirani yangu mmoja, bibi mtu mzima, hunisimulia jinsi mama yake alivyoificha kadi ya TANU, chama kilichodai uhuru, ndani ya pipa la mchele. Mumewe alikuwa karani wa serikali, na watumishi wa serikali walipigwa marufuku kujiunga na siasa. Baba akila ubwabwa kila Ijumaa bila kujua kilicholala chini yake! Habari kama hiyo huwezi kuipata kwenye picha ya ukutani.

Tupige hesabu. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1955, leo amevuka 80. Na majengo nayo hayangoji. Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, ile nyumba ya TAA, chama kilichoitangulia TANU, ilimozaliwa TANU yenyewe tarehe 7 Julai 1954 haipo, pana ghorofa. Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa, yakainuka maghorofa ya kaya 644. Siyalaumu, watu wanahitaji pa kuishi, lakini mzee aliyehamishwa huondoka na mtaa wake kichwani.

Ombi langu kwa wanaosimamia makumbusho yetu, na kwa walimu wa historia wa shule za hapa Dar: watumeni vijana na simu zao, hazina kazi nyingine ya maana zaidi ya hiyo, wakawarekodi wazee wa Magomeni, Kariakoo na Ilala. Sauti hizo zisikike humo humo vyumbani, mgeni akiwa amesimama sebuleni.

Waanze na bibi wa pipa la mchele. Asubuhi yupo barazani, ila waende na muda, maana hakatizwi akianza.

Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam