Mama analima mwani, hataki niusomee

Shangazi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mimi ni binti wa Micheweni, Pemba, nipo mwaka wa pili chuo kikuu huku Unguja. Nasomea ualimu wa sayansi, Baiolojia na Kemia. Baba hana neno, ilimradi nimalize niajiriwe. Kazi iko kwa mama.

Mama ni mkulima wa mwani. Sare zangu za skuli, madaftari, hata nauli ya boti, vyote vimetoka kwenye zile kamba na vigingi. Zamani akilima kotoni, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei. Siku hizi maji ya pwani yana joto, kotoni inageuka nyeupe na kukatika, kabakia na spinosum, aina nyingine ya mwani ambayo malipo yake ni ya kusikitisha. Wataalamu wanashauri kotoni ipelekwe kwenye maji ya kina. Sawa, lakini ni wanawake wangapi kwetu wanaojua kuogelea, au wana chombo cha kuwafikisha huko?

Shangazi, hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kufundisha. Nataka kushughulika na mbegu inayostahamili joto, na magonjwa ya mwani. Nilifika kituo cha Beit-el-Ras wanakototolesha vifaranga vya samaki aina ya mwatiko na vya jongoo bahari, nikatoka nimeshaamua: nihamie kozi ya ufugaji na kilimo cha baharini.

Nikampigia mama. Alinyamaza, kisha akasema: "Miguu yangu imeoza kwa maji ya chumvi ili wewe uvae viatu. Leo unataka kurudi huko huko?" Akakata simu. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Na hoja anayo. Mwalimu ana mshahara kila mwezi na kiinua mgongo chake. Uchumi wa buluu, yaani huu wa bahari, tangu 2020 una wizara yake hapa Zanzibar, na hakuna mkutano usioutaja, ila matangazo ya ajira zake mimi siyaoni kwa wingi huo. Isitoshe, nasoma kwa mkopo wa Serikali. Nikihama huenda nikaanzishwa mwaka wa kwanza, na sijui mkopo utanifuata au utabaki nyuma.

Rafiki yangu ananiambia nimalize ualimu kwanza, bahari niisomee shahada ya pili pale Taasisi ya Sayansi za Bahari, maana Baiolojia ninayo tayari. Pengine ni kweli. Ila najijua: nikishapangiwa skuli, na yule mchumba anayetajwatajwa nyumbani naye akiwa keshaleta posa, nani ataniachia nirudi darasani?

Nihame sasa, au nimalize nilichokianza? Na mama nimwanzie wapi, maana kila nikitaja mwani anadhani nataka kushika kamba kama yeye? Tukifunga chuo nakwenda Pemba, na safari hii itabidi tukae tuzungumze uso kwa uso.

Binti wa Micheweni