Barua ya wazi kwa binti wa kaka yangu, kuhusu D ya Kemia

Mwanangu mpendwa,

Tangu Jumapili ile uliposhuka kwenye meli ya Nansio, ukaketi kibarazani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, mpaka giza likaingia, bila kusema zaidi ya maneno kumi, nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu. Waliopita kukusalimu walikupongeza kwa daraja la pili la pointi 20, nawe uliwashukuru kwa adabu, lakini niliona kwamba katika karatasi yote ya matokeo ulikuwa unasoma mstari mmoja tu: Kemia, D. Naandika hadharani, bila kulitaja jina lako, kwa kuwa wapo mabinti na vijana wengine kandokando ya ziwa hili wanaoikodolea macho herufi hiyohiyo.

Sitakuambia kwamba si kitu. Uliitafuta C kwa bidii, kwenye mtihani wa moko ukaipata, na una haki ya kuumia. Ninachoomba ni uumie kwa kadiri ya jambo lenyewe. Katika madaraja ya Baraza la Mitihani, D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44, nayo ni ufaulu. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga inadai ufaulu katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na yote hayo unayo. Kilichokuponyoka ni kidato cha tano katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kwa hilo nakupa pole ya dhati. Mama yako anaona ni heri ukae nyumbani mwaka mzima ili urudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wifi yangu namheshimu, na kurudia si vibaya hata kidogo, ila sioni kwa nini kurudia kukuzuie kuomba chuo mwaka huuhuu. Omba, na usiombe kimoja, kwa sababu waombaji wanapokuwa wengi wenye alama za juu hutangulia.

Jambo linalonisumbua mimi ni jingine. Ulipoondoka ulisema, ukiwa umeshaweka mguu kwenye daladala, kwamba angalau sasa umeachana na Kemia. Mwanangu, Kemia inakusubiri wodini.

Mtoto wa kilo 10 analetwa usiku kutoka visiwani akiwa na malaria kali. Dozi ya artesuneti kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anahitaji miligramu 30. Dawa yenyewe ni unga, miligramu 60 katika kichupa, nao huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha, ikiwa sindano ni ya mshipa, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi, ili kila mililita ya mchanganyiko ibebe miligramu 10. Mtoto wetu atapewa mililita 3. Ukitazama vizuri utaona kwamba hii ni ile mada ya ukolezi wa miyeyusho uliyoichukia, isipokuwa hapa mama wa mtoto amesimama pembeni akiitazama mikono yako. Na chupa ya maji ya chumvi inayoning'inia juu ya kitanda, iliyoandikwa asilimia 0.9, ina gramu 9 za chumvi katika lita moja. Gawanya kwa 58.5, yaani gramu za moli moja ya chumvi, nawe utaipata moli yako, kile kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe.

Nayajua haya kwa sababu yaliwahi kuniangusha. Nilipokuwa chuoni nilifeli mtihani wa famakolojia, yaani somo la dawa, tena kwenye hesabu za dripu, nikalazimika kubaki likizo kufanya mtihani wa marudio wakati wenzangu wamekwenda makwao. Nilisema kama ulivyosema wewe, kwamba kichwa changu hakikuumbwa kwa hesabu. Aliyenitoa hapo ni muuguzi mmoja wa makamo, ambaye hakunifundisha kanuni yoyote mpya. Alinisimamisha mbele ya dripu na saa mkononi, akaniambia nihesabu. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: ni matone 42 hivi kwa dakika. Nilihesabu, nikarekebisha kidhibiti, nikahesabu tena, jioni nzima, mpaka namba ikawa kitu ninachokiona kwa macho.

Kwa hiyo naomba tuipekue D yako. Cheti hakisemi ulianguka wapi. Hakisemi hata kama uliikosa C kwa alama moja au kwa kumi na tano. Wewe ndiye unayejua. Uliniambia kwamba kwenye mtihani wa vitendo mkono ulitetemeka, bureti, ule mrija wa kupimia, ikamwaga asidi kupita kiasi, kiashiria kikageuka rangi ghafla, ukakosa muda wa kurudia. Huko ni kukosa mazoezi, na kwa shule yenye bureti chache kuliko wanafunzi sishangai. Inaniuma kwamba watoto wetu wanapimwa kwa vifaa walivyovishika mara mbili au tatu tu. Moli ni suala jingine. Hapo nadhani ulikariri bila kuelewa, na hapo ndipo tutakapoanzia.

Nimemweleza baba yako, naye amekubali uje ukae kwangu mpaka maombi ya vyuo yatakapofunguliwa. Wiki ijayo ninaingia zamu za usiku, kwa hiyo mchana nitalala kidogo, kisha kuanzia saa tisa nitakuwa wako. Njoo na daftari la Kemia la kidato cha tatu, hata kama limechanika. Nimekuwekea seti ya dripu iliyopitwa na muda wake na chupa tupu ya lita moja, na msumari wa kuitundikia nimeshaupigilia palepale kibarazani ulipokuwa umeketi.

Shangazi yako