Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: nani amekaa kichwani kwa mgonjwa?

Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa dawa za usingizi, mwaka wa 19 sasa katika kazi hii, na ninakuandikia juu ya mkoromo.

Watu wetu wakimsikia mgonjwa aliyechomwa sindano ya kulala anakoroma, roho zao zinatulia. "Sasa amelala muzuri." Hata wauguzi wenzangu husema hivyo. Kumbe ule mkoromo ni mlango unaofungwa. Dawa ikishalegeza misuli, ulimi na nyama za kooni huanguka nyuma, hewa inabakiwa na upenyo mdogo, na upenyo ndio unaopiga kelele. Kelele ikikatika huku kifua bado kinahangaika, mlango umefungwa kabisa.

Jumamosi moja usiku, katika kituo cha mjini hapa ambacho sitakitaja, niliitwa kumsaidia daktari kurudisha mfupa wa mtoto wa miaka 7 aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Nilipofika alikuwa amekwisha kuchomwa ketamine, dawa ya usingizi, na diazepam, dawa ya kutuliza, juu yake. Daktari anavuta mkono. Muuguzi aliyechoma sindano ameshika bega, ili mwili usifuate. Baba mtu amesimama mlangoni na kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Mtoto anakoroma. Nami nakiri, niliutazama mkono kwanza. Mfupa uliopinda huvuta macho.

Halafu chumba kikanyamaza. Tumbo la mtoto linapanda, kifua kinazama. Tumbo linapanda, kifua kinazama. Niliweka kiganja mbele ya pua, hakuna kitu. Oksimeta ya kituo, kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, ilikuwepo, Mheshimiwa. Ilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mkubwa wa wauguzi huko Katuba, kwa sababu oksimeta ya kwanza iliibwa. Nikatia vidole nyuma ya pembe za taya, chini ya masikio, nikasukuma taya mbele mpaka meno ya chini yakapita ya juu. Hewa ikaingia kwa sauti ya mtu aliyeibuka kutoka mtoni. Nilishikilia hivyo karibu dakika 20, vidole vikafa ganzi. Baba hakujua lolote. Alitushukuru kwa mkono ulionyooka.

Tulikuwa watu wazima watatu kwenye meza ile, wote tukiwa upande wa mkono. Kichwani hapakuwa na mtu.

Najua ofisini kwako barua nyingi huomba mashine, na mimi sizidharau. Oksimeta, ambayo Mjapani Takuo Aoyagi alibuni njia yake katika miaka ya 1970, ni mali: kadiri oksijeni ya damu inavyoshuka, ndivyo mlio unavyozidi kuwa mzito, na sikio linajua kabla jicho halijafika. Lakini huchelewa. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kukaa dakika kadhaa hapumui sawasawa na namba bado inasoma 98. Na umeme ukikatika, mashine ya oksijeni inakatika nao. Mfuko wa Ambu wa kumpulizia mgonjwa hauhitaji umeme. Taya halihitaji umeme. Daktari Peter Safar na wenzake kule Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1950, waliwalegeza kwa dawa watu waliojitolea mpaka wakashindwa kupumua wenyewe, wakaonyesha kwamba kukiinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu kunafungua njia ya hewa. Mikono mitupu.

Wapo watakaokujibu kwamba ketamine haina shida, mgonjwa hupumua mwenyewe. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana naipenda. Lakini inajaza mate mdomoni, na koo la mtoto linaweza kujifunga ghafla. Ukiichanganya na diazepam, usalama ule unapungua. Propofol, dawa nyingine ya usingizi, ile nyeupe kama maziwa, haina hata huo uvumilivu.

Na kuna bukari, yaani ugali. Mgonjwa asile chakula kwa saa 6 kabla ya kulalishwa, kama kazi yenyewe inaweza kungoja. Mama anayeona mtoto analia njaa atampa kidogo kwa siri, halafu atakuambia hajala. Usimfokee. Mweleze kwamba kile chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, utaona atakavyokuambia ukweli.

Ninachoomba ni agizo moja kwa vituo vyote vya jimbo, vya serikali, vya kanisa na vya watu binafsi: mgonjwa asichomwe dawa ya kulala kabla jina la mtu wa kichwani halijaandikwa kwenye kitabu, kando ya kipimo cha dawa. Mtu huyo asishike mkono, asipokee simu, asitumwe kuleta pamba. Kazi yake ni kidevu, kifua na sauti ya pumzi, mpaka mgonjwa aitwe jina aitike. Karibu yake kuwe na mfuko wa Ambu wenye barakoa ya mtoto na ya mtu mzima, pamoja na mashine ya kuvuta mate, hata ile ya kukanyaga kwa mguu.

Na ufunguo wa kabati ulale kituoni.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa usingizi, Lubumbashi