Mbona tunakulipisha kabla shimo halijachimbwa

Lalamiko ni lile lile hapa Nakuru, na juzi mteja ametuita wezi kabisa. Anachimba besimenti karibu na handaki la zamani la maji ya mvua, akaona kwa kotesheni tumeweka pesa ya kupima kama handaki linasogea, kabla kontrakta hajaleta hata tingatinga, akauliza mnapima nini na hakuna kitu kimeguswa?

Bosi, hicho ndicho kipimo chenye maana kuliko vyote. Tunafunga prizma, vioo vidogo ambavyo mashine yetu ya kupima inavilenga, ukutani mwa handaki, tunapima asubuhi, mchana, tunarudia siku nyingine, kwa sababu handaki lina mwendo wake wa kawaida, joto na baridi, maji yakijaa na yakipungua. Usipojua huo mwendo, siku mashine ikisoma milimita 2 utasema ni nini, shimo lako ama hali ya hewa?

Wengi hungoja ufa ndio wapige simu. Kuna kazi Kisumu tulifika ufa ushaingia kucha, jirani anasema ni wewe umeuleta, mwenye shimo anasema ulikuwepo tangu zamani. Tukaangalia na tochi, chini kuna vumbi na utando wa buibui, huo ni wa zamani, juu zege ni jeupe, limepasuka juzi. Kumbe wote walikuwa na ukweli! Lakini picha ya kabla hakuna, kipimo hakuna, kazi ikasimama na mawakili wakala pesa kushinda ile yetu.

Wengine hupigilia benchimaki, ile alama isiyotakiwa kusogea ambayo vipimo vyote vinalinganishwa nayo, kwa posti ya geti kando ya shimo. Udongo ukishuka posti nayo inashuka, vipimo vinasema kila kitu kiko sawa. Na huu udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka ni mgumu, ukilowa unaporomoka, ndio maana benchimaki yetu tunaitafutia mahali mbali hata kama inachukua muda.

London, stesheni ya Westminster ikichimbwa miaka ya 1990, mnara wa Big Ben ulipimwa muda wote, ukianza kuinama wanasukuma grauti, saruji ya majimaji, ardhini chini yake. Wangejuaje umeinama kama hawakujua ulivyosimama?

Ukitaka tupunguze bei tutaongea, prizma za mbali na shimo zinaweza kupungua. Vipimo vya mwanzo hatuviondoi. Tuite kabla mashine haijaingia saiti.