Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sanamu ya Setilaiti Uhuru

Wanachama wenzangu, wazee wa mtaa, na mafundi mliokuja kutoka Kamukunji na Gikomba, hamjambo.

Mwaka huu tulikuwa na kazi moja kubwa, na ndiyo nitakayoizungumzia. Sanamu ya setilaiti Uhuru imemalizika kuchomelewa. Msingi wake wa zege umemwagwa katika ua wa ukumbi wa jamii, mhandisi ameukagua, na kibali cha kuisimamisha tumekipata, ingawa kilichelewa sana. Habari za ada, wanachama wapya na paa la karakana zimo katika taarifa za katibu na mweka hazina. Nimezisoma na ninaziunga mkono.

Kwa waliojiunga nasi karibuni, nieleze tulikotoka. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano na wao ndio walioirusha. Chombo kilichokuwa ndani kilikuwa cha Wamarekani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo huko NASA, shirika la anga la Marekani, ndiye aliyependekeza kiitwe Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Kilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zitokazo angani. Angahewa huzizuia zisitufikie huku chini, kwa hiyo anayetaka kuzipima hana budi kupanda juu yake.

Ngomeni haikuchaguliwa kwa bahati. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa hata kabla injini haijawashwa. Isitoshe, chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu huvuruga vipimo. Mahali petu palikuwa na mchango katika sayansi yenyewe, na hilo ndilo lililonivuta mimi kwenye mradi huu tangu siku ya kwanza. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba chanzo kimoja cha eksirei, kiitwacho Cygnus X-1, chaweza kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Sasa nije kwenye mjadala uliotuchukua miezi. Baadhi yenu mlitaka roketi ndefu inayoelekea juu, mkataja mnara wa Moscow wa mwaka 1964, wenye urefu wa mita 107 na uliovikwa metali ya titani. Wengine mlikumbusha kwamba iko sanamu ndogo iliyofika mbali sana, ile ya msanii Mbelgiji Paul Van Hoeydonck, ya alumini, yenye urefu wa sentimita 8.5 tu, ambayo wanaanga wa Apollo 15 waliiacha mwezini mwaka 1971. Hoja zote mbili zilikuwa nzito. Nilisimama upande wa setilaiti yenyewe, na bado nasimama hapo. Roketi kila mtu ameiona pichani. Ni wachache sana jijini waliowahi kuona umbo la Uhuru: kiwiliwili chake, mabawa yake manne ya sola, na madirisha mawili ya vipimo yaliyopeana mgongo.

Halafu kuna suala la mzunguko. Setilaiti ilikuwa ikijizungusha polepole, mara moja kwa takriban dakika 12, ili madirisha yake yapite juu ya anga kipande kwa kipande. Mafundi wetu wameweka mota ndogo na giaboksi ndani ya nguzo, inayotumia sola, na sanamu inajizungusha kwa mwendo huohuo. Ombi la kuiongezea kasi ili watoto waione ikizunguka nililipinga, na kamati ikakubaliana nami. Ikizunguka kwa kasi itakuwa pambo tu. Ikienda kwa dakika 12, mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi saa na chaki, amwambie aweke alama chini kila bawa linapopita, kisha akokotoe pembe. Walimu wawili wamekwisha kutuomba nafasi ya kufanya zoezi hilo.

Kuhusu vifaa: vyuma chakavu vyote tulivinunua kwa wauzaji wenye leseni, kama sheria ya mwaka 2015 inavyotaka, na stakabadhi ziko kwa mweka hazina. Hatukutumia shaba nje ya nguzo, kwa sababu ingeng'olewa kabla ya Krismasi. Pale ambapo chuma cha pua kinakutana na chuma cha kawaida tumeweka mpira katikati, maana metali mbili tofauti zikigusana kwenye mvua, ile dhaifu huliwa na kutu haraka. Hongera kwa vijana waliopiga msasa kila kiungo kabla ya rangi. Kazi hiyo haionekani, lakini ndiyo itakayoamua kama sanamu itadumu.

Kibao cha maelezo bado hakijachongwa, na hapa naomba mnisikilize. Rasimu ya kwanza ilisema Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Si kweli, na nimeikataa. Ya kwanza ya Kenya ni ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018, kisha ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California Aprili 2023. Kibao kitasema chombo kilikuwa cha nani, jukwaa la nani, na bahari ya nani. Watoto wetu wana haki ya kusoma ukweli, na ukweli huo unatupa fahari ya kutosha.

Linalobaki ni matunzo. Jiji hili lina sanamu zilizozinduliwa kwa mbwembwe, kisha hakuna aliyerudi na brashi. Mota itahitaji grisi, beringi zitachakaa, paneli zitajaa vumbi. Katika ajenda ya leo kuna hoja ya kutenga sehemu ya ada za kila mwaka kwa matunzo hayo peke yake, katika akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine, pamoja na kuteua mafundi wawili wa kuikagua sanamu kabla ya mvua za masika na za vuli. Bila hoja hiyo kupita, sitatia sahihi barua ya kumkodi mwenye kreni. Naomba muijadili kabla ya chakula cha mchana.