Maskani tatu na wiki moja ya Roma

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa Mama. Orodha yako ya miji ya Italia imenifikia na nimeipitia nikiwa na ramani mbele yangu. Miji kumi na moja kwa safari moja! Najua hamu hiyo inatoka wapi, maana umeisubiri likizo hii kwa miaka. Hata hivyo nakuomba ukubali tuifumue orodha yote. Ningependa mkae sehemu tatu tu, Lucca, Bologna na Lecce, na katikati muweke wiki moja ya Roma. Mengi uliyoyaandika bado mtayaona, ila mtayaona mchana na usiku mtarudi kulala mahali mnapopajua.

Kwanza tarehe. Umeandika mtaingia 15 Septemba na kutoka 15 Desemba, miezi mitatu kamili. Hesabu siku zenyewe, utakuta ni 92. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia inahesabiwa kama ile ya kutoka. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kutumia mfumo wa kompyuta unaosajili kila mgeni anapovuka mpaka, kwa hiyo siku mbili zilizozidi hazitapita bila kuonekana. Rudini tarehe 10 Desemba. Hizo ni siku 87, na tatu zinabaki za akiba ndege ikiahirishwa. Viza ikitoka, soma idadi ya siku iliyoandikwa kwenye stika yenyewe kabla hujalipia nyumba yoyote, kwa sababu ubalozi unaweza kukupa pungufu ya ulizoomba.

Sasa kwa nini sehemu chache. Siku ya kuhama haina matembezi. Nyumba mnaiacha saa nne asubuhi, ile mpya hamkabidhiwi funguo mpaka saa tisa, na kati ya hapo mnazunguka na masanduku huku Mama akitafuta pa kukaa. Kesho yake mnaanza upya: duka liko wapi, taka za plastiki zinatolewa siku gani, basi la kwenda stesheni linasimama upande upi wa barabara. Kila mji unaouongeza unakula siku mbili namna hiyo. Miji kumi na moja ingewala karibu wiki tatu, na magoti ya Mama yangelipa sehemu kubwa ya gharama.

Mji wa kutembelea na mji wa kukaa havichaguliwi kwa kigezo kimoja. Wa kutembelea unautaka kwa uzuri wake, na jioni unaondoka. Wa kukaa uupime kwa siku ya Jumanne yenye mvua, hakuna jumba la makumbusho mnalotaka kuliona, shemeji ana kazi ya kumaliza kwenye kompyuta, na Mama anataka tu kunyoosha miguu na kununua mboga. Je, siku hiyo itakuwa njema? Kama stesheni, soko na duka la dawa vyote viko umbali wa kutembea kwa mguu, na njia ni tambarare, itakuwa njema. Ndiyo maana nimeiondoa Perugia na nimeiondoa Orvieto. Zote mbili nazipenda sana, lakini zimejengwa juu ya vilima, na kila safari ya dukani ina mteremko wa kwenda au mlima wa kurudi.

Najua utakapougulia moyo ni ile nyumba ya mawe kwenye vilima vya Toscana, yenye miti ya misonobari mirefu na bwawa. Nimeziona picha ulizonitumia, na kweli inavutia. Lakini soma maelezo yake hadi mwisho: kijiji cha karibu kiko kilomita kadhaa, na basi linapita mara chache, Jumapili labda halipiti kabisa. Bila gari mtakuwa wafungwa wa mandhari. Mkikodi gari, dereva ni shemeji peke yake, atahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha, na atakutana na maeneo yenye alama ya ZTL katikati ya karibu kila mji wa kale, ambako kamera hunasa namba za magari yasiyoruhusiwa na faini hufuata hadi nyumbani. Hadi Novemba bwawa nalo litakuwa limefunikwa turubai. Kama moyo haukubali kuiacha, ichukueni kwa usiku mbili tatu mwezi Septemba, lakini msiifanye maskani.

Badala yake anzeni Lucca, ambayo ni Toscana ile ile. Mji wa kale umezungukwa na ukuta mzima wa kama kilomita nne, na juu ya ukuta huo kuna njia pana yenye miti ambako wenyeji hutembea na kuendesha baiskeli asubuhi na jioni. Mama akishapandishwa kwenye mojawapo ya njia za mteremko wa taratibu, anaweza kwenda atakavyo bila kukutana na gari. Ndani ya ukuta ni tambarare. Stesheni iko nje kidogo ya ukuta upande wa kusini: Pisa ni nusu saa, pwani ya Viareggio ni karibu kuliko hapo, na Firenze ni kama saa moja na dakika ishirini. Hizo ni treni za kawaida za mkoa. Nauli yake haipandi kwa sababu umechelewa kukata tiketi, kwa hiyo asubuhi mnaangalia mawingu ndipo mnaamua. Tafuteni nyumba nje kidogo ya ukuta, upande wa stesheni. Ndani kuna majengo mazuri ya kale lakini mengi yana ngazi tupu; nje kuna majengo ya baadaye yenye lifti.

Ila ondokeni katikati ya Oktoba. Mwisho wa mwezi huo na mwanzo wa Novemba Lucca hufanya tamasha kubwa la katuni na michezo, na mji mdogo namna ile hupokea mamia ya maelfu ya watu kwa siku chache. Nyumba hazipatikani, na zinazopatikana bei yake haishikiki.

Lipo jambo ambalo sijaliona kwenye mipango yako, nalo ndilo limenifanya nipange miji kwa mfuatano huu. Nchini Italia kupasha nyumba joto kuna sheria yake. Amri ya mwaka 1993 iliigawa nchi katika kanda sita, kutoka A hadi F, kulingana na baridi ya kila mahali, na isipokuwa kanda F ya milimani, kila kanda ina tarehe ya kuwasha, tarehe ya kuzima na idadi ya saa kwa siku. Bologna iko kanda E: 15 Oktoba hadi 15 Aprili, saa 14 kwa siku. Lucca iko kanda D: kuanzia 1 Novemba, saa 12. Lecce iko kanda C: kuanzia 15 Novemba, saa 10. Palermo, ambayo shemeji ameitaja, iko kanda B, na huko ni kuanzia 1 Desemba, saa nane tu. Meya anaweza kuruhusu mapema baridi ikiwahi, lakini usipange kwa kumtegemea meya. Katika jengo lenye boila moja la wapangaji wote, mwenye nyumba wako hawezi kuwasha hata akikuonea huruma.

Watu hudhani kusini ni joto, basi Desemba tukimbilie kusini. Nje jua linaweza kuwaka vizuri, lakini nyumba za huko zimejengwa kwa mawe mazito ili zihimili kiangazi, na ikifika Desemba ukuta unakuwa baridi kuliko barabara. Mama yetu anaumwa viungo. Kwa hiyo Lucca mkae kuanzia 15 Septemba hadi 14 Oktoba, wakati joto la ndani halihitajiki sana. Mwingie Bologna tarehe 15 Oktoba, siku ile ile mitambo inaporuhusiwa kuwashwa. Lecce msifike kabla ya katikati ya Novemba, na kila mwenye nyumba mumwulize swali hili kwa maandishi: joto linatoka kwenye nini, na nani ana mamlaka ya kuliwasha? Akijibu kwamba huko hakuna baridi, mwache, tafuta nyingine.

Bologna ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sitajifanya sina upendeleo. Chuo kikuu chake kinahesabu umri wake tangu mwaka 1088, na mji bado unaishi kwa mwendo wa wanafunzi: chakula hadi usiku, maduka ya vitabu, mihadhara, watu wa rika zote barabarani. Kando ya barabara zake kuna baraza ndefu zilizoezekwa na kushikiliwa na nguzo, jumla ya kilomita 62, na UNESCO iliingiza sehemu yake kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Mvua ya Novemba ikinyesha, unatoka nyumbani hadi sokoni bila mwavuli. Nimeishi humo na naona hakuna mji unaomjali mtembea kwa miguu kama huo.

Kisha treni. Njia za Milano, Verona, Venezia, Firenze na pwani ya Adriatiki zote zinakutana pale. Kwa treni ya kasi Firenze haifiki dakika arobaini, na Venezia ni kama saa moja na nusu. Ile miji midogo ya orodha yako, Modena, Parma, Ferrara na Ravenna, mtaiona kwa tiketi za kawaida. Ravenna nendeni siku mbili tofauti. Picha zake za vipande vya vioo ni za karne ya 5 na ya 6, na jicho huchoka kabla hazijaisha. Bologna mwende Oktoba nusu ya pili pia kwa sababu ya kodi: Septemba wanafunzi wanagombania vyumba, na mwisho wa mwezi huo huja maonyesho makubwa ya vigae yanayojaza mji. Angalia kalenda ya maonyesho ya Bologna kabla ya kufunga tarehe. Mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni, ni wa watu wa kawaida, na una soko lake.

Roma haitoshi kuwa safari ya siku moja, na haifai kuwa maskani yenu. Ni kubwa, na umbali kati ya mambo yake unachosha. Wiki moja inatosha, katikati ya Novemba, njiani kwenda kusini.

Kutoka Roma kuna treni ya moja kwa moja hadi Lecce, zaidi kidogo ya saa tano. Huko reli kuu inaishia. Mji ni tambarare, makanisa yamechongwa kwa jiwe laini la rangi ya asali, na baada ya watalii wa kiangazi kuondoka wenye maduka wana muda wa kuzungumza. Otranto na Gallipoli zinafikika kwa reli ndogo za mkoa, lakini siku za Jumapili na sikukuu usafiri huo hupungua sana, basi pangeni siku za kazi. Matera iko mbali na hapo, msiilazimishe kwa siku moja. Laleni usiku mmoja.

Kuhusu nyumba zenyewe, mikataba iwe ya siku 30 au chini. Ikizidi hapo mkataba lazima usajiliwe kwenye mamlaka ya kodi, na wengi wa wanaopangisha wageni hawataki usumbufu huo. Tangazo la nyumba linatakiwa kuwa na namba ya utambulisho iitwayo CIN. Lisilo nayo lipite. Mwenye nyumba atachukua pasipoti zenu na kuwaripoti polisi ndani ya saa 24, ni wajibu wake, usishtuke. Na nyumba nyingi zina umeme wa kilowati tatu tu: ukiwasha oveni na mashine ya kufulia kwa pamoja, swichi kuu inajizima. Mwonye Mama, anayependa kufanya kazi zote asubuhi moja.

Migomo ya treni mtaikuta, si ajabu. Hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa zilizohakikishwa hutembea saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Siku ya kuhama ikiangukia kwenye mgomo, panga kwa saa hizo.

Shemeji atauliza mbona vijiji vya pwani vya Cinque Terre havimo. Kutoka Lucca mnaweza kwenda na kurudi kwa siku moja mkiwahi treni ya alfajiri, na Septemba bado bahari inafaa. Hilo mwachie yeye alipange.

Anzeni kutafuta nyumba ya Lucca, kwa sababu Septemba ndiyo inayojaa kwanza. Mkishapata tatu mnazozipenda, nitumie matangazo yake kabla ya kulipa amana. Nitapima umbali hadi stesheni, kisha nitawapigia wenye nyumba mimi mwenyewe kwa Kiitaliano niulize habari ya lifti na ya joto. Na usisahau kuchukua bima ya afya ya safari ya Mama inayofika angalau euro 30,000; ubalozi hautaipokea fomu yake bila hiyo.

Wako akupendaye,
Sahibu yako